Namna ya Kuisoma Rekodi ya Kocha wa Kijerumani, kwa Mfano wa Jürgen Klopp

Anayetaka kuijua kazi ya kocha kwa kawaida hukimbilia orodha ya makombe, na hapo ndipo anapopotea. Kombe huonyesha mwisho wa jambo, ilhali sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika kabla ya hapo: katika hali ambayo kocha aliikuta timu, katika wachezaji wake walionunuliwa na wapinzani, na katika alama moja iliyokosekana siku ya mwisho ya msimu. Njia ninayoieleza hapa nimeitumia kwa makocha wengi wa Kijerumani, na nitaionyesha zaidi kwa Jürgen Klopp, kwa sababu rekodi yake ina makombe, kushuka daraja na fainali nyingi alizopoteza, na kwa hiyo inamlazimu msomaji kuwa makini.

Kabla ya kufungua jedwali la takwimu, andika jinsi kocha huyo alivyoacha kucheza na alichokifanya kabla ya kukabidhiwa timu ya wakubwa. Klopp, aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1967, alijiunga na klabu ya Mainz 05 mwaka 1990 akacheza humo mechi 325 za ligi, kwanza kama mshambuliaji na baadaye kama beki, mpaka Februari 2001 alipokabidhiwa timu hiyohiyo ikiwa hatarini kushuka kutoka daraja la pili. Aliingia ukocha akitokea chumba cha kubadilishia nguo, miongoni mwa watu waliomjua. Makocha wenzake wa Kijerumani Thomas Tuchel na Julian Nagelsmann walipita mlango mwingine: majeraha ya goti yaliwastaafisha wakiwa vijana, wakaanza kufundisha timu za vijana. Tuchel aliipa Mainz ubingwa wa Ujerumani wa vijana walio chini ya miaka 19 mwaka 2009, jambo ambalo halionekani kabisa katika jedwali linaloanza na mechi yake ya kwanza ya wakubwa. Nagelsmann alipopewa Hoffenheim Februari 2016 alikuwa na umri wa miaka 28, bado akimalizia kozi ya Fußball-Lehrer, ambayo ndiyo iliyokuwa shahada ya juu ya ukocha nchini humo, na timu ilikuwa nafasi ya 17 kati ya 18. Aliinusuru isishuke. Ukianza hesabu bila kuyajua haya, utamwona kijana aliyebahatika, na hutaiona miaka ya kazi iliyotangulia.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote. Chora safu mbili, moja ya alama na nyingine ya nafasi, uzisome kwa pamoja, msimu kwa msimu. Kwa Mainz ya Klopp safu ya alama inasomeka hivi: 64 mwaka 2002, 62 mwaka 2003, na 54 mwaka 2004. Anayetazama alama peke yake ataapa kwamba timu ilikuwa ikidorora. Safu ya nafasi inasema vingine: ya nne, ya nne, kisha ya tatu, na wakati huo timu tatu za juu za daraja la pili zilipanda moja kwa moja. Mainz ilipanda katika msimu wake wenye alama chache kuliko yote mitatu.

Sasa sogea karibu zaidi. Mwaka 2002 Mainz ilikwenda Berlin siku ya mwisho, ikafungwa 3-1 na Union, ikakosa nafasi ya kupanda kwa alama moja. Mwaka 2003 ilifanya kila kilichokuwa ndani ya uwezo wake: ilishinda 4-1 ugenini kwa Eintracht Braunschweig, mechi ikaisha, na wachezaji wakabaki kusubiri matokeo ya Frankfurt, ambako Eintracht ya mji huo ilikuwa ikicheza na Reutlingen. Zikiwa zimesalia dakika chache, mechi hiyo ilikuwa bado 3-3. Frankfurt ikafunga mara tatu, bao la mwisho likiingia katika dakika za nyongeza, ikashinda 6-3. Timu zote mbili zilimaliza na alama 62, na Frankfurt ikapanda kwa tofauti ya bao moja tu. Katika orodha ya mafanikio misimu hiyo miwili haina hata mstari. Mimi naihesabu kuwa kipimo bora cha kocha kuliko baadhi ya makombe, kwa kuwa kundi lililovunjwa moyo kwa namna hiyo mara mbili mfululizo lilirudi mara ya tatu likapanda.

Unapolinganisha vipindi, hakikisha unazijua kanuni za kila msimu. Mpaka msimu wa 1994/95 ushindi katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ulikuwa na alama mbili, na tangu 1995/96 una alama tatu. Werder Bremen ya Otto Rehhagel ilitwaa ubingwa mwaka 1993 kwa alama 48, idadi ambayo leo ingeonekana ya timu ya katikati ya msimamo. Ilishinda mechi 19 na kutoka sare 10 kati ya 34, kwa hiyo kwa hesabu ya sasa ingekuwa na alama 67. Vilevile, tangu 2008/09 timu ya tatu ya daraja la pili haipandi moja kwa moja, bali hucheza mechi mbili na timu ya 16 ya Bundesliga. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 2004, Mainz ingelazimika kucheza mechi mbili zaidi kabla ya kushangilia.

Baada ya hapo, kando ya kila nafasi andika nani aliondoka. Dortmund ilinusurika kufilisika mwaka 2005 na ilikuwa imemaliza ya 13 Klopp alipoichukua mwaka 2008. Nafasi zake zilikuwa ya 6, ya 5, ya kwanza, ya kwanza tena, ya pili, ya pili, na ya 7. Sasa ongeza majina: Nuri Şahin alikwenda Real Madrid mwaka 2011, Shinji Kagawa akaenda Manchester United mwaka 2012, Mario Götze akaenda Bayern mwaka 2013, na Robert Lewandowski akaenda Bayern hiyohiyo mwaka 2014, tena bure, mkataba wake ulipokwisha. Habari ya Götze ilitoka siku moja kabla ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid. Kesho yake Dortmund ilishinda 4-1, mabao yote manne yakiwa ya Lewandowski, na mwezi uliofuata ikapoteza fainali 2-1 mbele ya Bayern. Ukiyaweka majina hayo kando ya nafasi, nafasi ya pili ya 2013 na ile ya 2014 hazisomeki tena kama kuporomoka.

Usimhukumu kocha kwa siku yake mbaya kuliko zote, lakini usiiruke. Tarehe 29 Aprili 1978 Dortmund ilifungwa 12-0 na Borussia Mönchengladbach, na kocha wake, Rehhagel, akafutwa kazi. Rehhagel huyohuyo baadaye alipanda na Kaiserslautern mwaka 1997 na kutwaa ubingwa wa Bundesliga mwaka uliofuata, jambo ambalo hakuna timu nyingine iliyopanda daraja imewahi kulifanya, kisha akaipa Ugiriki Kombe la Ulaya mwaka 2004. Na katika mechi ile ya 12-0, mabao matano yalifungwa na Jupp Heynckes, aliyekuwa akicheza mechi yake ya mwisho katika ligi na ambaye naye angekuwa kocha.

Heynckes ananifikisha kwenye namna ya kuusoma mwisho wa kipindi. Mwaka 1998 aliipa Real Madrid kombe la Ligi ya Mabingwa ambalo klabu hiyo ilikuwa imelisubiri kwa miaka 32, na bado akaondolewa, kwa kuwa katika ligi timu ilikuwa imemaliza ya nne. Mwaka 2013 aliiacha Bayern ikiwa na makombe matatu ya msimu mmoja, na mrithi wake, Pep Guardiola, alikuwa ametangazwa tangu Januari. Kwa hiyo usiandike tu kwamba kocha "aliondoka". Tofautisha kufutwa kazi, kujiuzulu, na mkataba kufika mwisho, kisha uangalie tarehe ya uamuzi, ambayo mara nyingi hutangulia matokeo.

Hatimaye fungua ukurasa wa mrithi, kwa sababu msimu wake wa kwanza ni sehemu ya rekodi ya aliyetangulia. Klopp aliiacha Dortmund mwaka 2015 ikiwa ya 7 kwa alama 46. Tuchel alikuja, akabaki na Reus, Hummels, Gündoğan, Mkhitaryan na Aubameyang, akamaliza wa pili kwa alama 78. Wachezaji hawakuwa wamechoka kama ilivyodhaniwa, na hilo linapaswa kuandikwa upande wa hasara wa mwaka wa mwisho wa Klopp. Liverpool aliiacha mwaka 2024 kwa kutangaza mwenyewe tangu Januari, na Arne Slot, ambaye hakuongezewa karibu mchezaji yeyote, akatwaa ubingwa wa Uingereza katika msimu wake wa kwanza. Safari hii sehemu ya sifa inarudi kwa Klopp, kwani kikosi kilichobeba kombe hilo kilikuwa kile alichokisuka yeye.