Jinsi ya Kupima Uhusiano kati ya Jibu la Ndiyo/Hapana na Kipimo cha Namba

Kigeu kimoja kikiwa na hali mbili tu (kupata au kukosa) na kingine kikiwa alama, uzito au muda, tumia r ya pointi-baiseriali, namba kati ya −1 na 1 inayoonyesha nguvu ya uhusiano. Kimsingi ni r ileile ya Pearson, kipimo cha kawaida cha uhusiano wa vigeu viwili vya namba: andika hali moja 0 na nyingine 1, kisha lahajedwali itakupa jibu. Hata hivyo ikokotoe kwa mkono angalau mara moja, kwa sababu makosa mengi huonekana hapo.

Hatua ya 1. Amua nani ni 1, na uandike uamuzi huo. Ukibadilisha, r hubadilika alama ya kujumlisha au kutoa, ukubwa wake haubadiliki.

Chukua swali moja la mtihani na watahiniwa 10. Waliolipata (1): 12, 18, 15, 20, 14, 17. Waliolikosa (0): 9, 15, 12, 16. Hizi ni alama za maswali mengine yote. Swali lenyewe lisihesabiwe humo, maana litakuwa linalinganishwa na nafsi yake na r itapanda bure.

Hatua ya 2. Tafuta wastani wa kila kundi: 16 na 13. Tofauti ni 3.

Hatua ya 3. Tafuta mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika) wa watu wote 10 kwa pamoja, wala si wa kila kundi. Toa wastani wa wote, 14.8, katika kila alama, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha: 93.6. Gawanya kwa 10, chukua kipeuo cha pili: 3.06. Hapa ndipo wengi wanateleza. Programu nyingi hugawanya kwa n − 1 (n ni idadi ya watu), yaani 9, na kutoa 3.22, ukiitumia hiyo katika hatua inayofuata utapata 0.46, ambayo si sahihi.

Hatua ya 4. Sehemu ya waliopata ni 0.6, ya waliokosa 0.4. Kipeuo cha pili cha 0.6 × 0.4 ni 0.49. Basi r = (3 ÷ 3.06) × 0.49 = 0.48.

Hatua ya 5. Pima kama inaweza kuwa bahati tu: t = r × √((n − 2) ÷ (1 − r²)) = 1.55, kwa digrii za uhuru 8 (yaani n − 2). Kizingiti cha 5%, pande mbili (ukubwa ambao t huuvuka kwa bahati tu mara 5 katika 100, iwe ya kujumlisha au ya kutoa), ni 2.306. Haijafika, kwa hiyo usitangaze uhusiano kwa data hii. Na t hii ndiyo ileile ya kulinganisha wastani wa makundi mawili yenye mtawanyiko sawa. Kuziripoti zote mbili ni kurudia ushahidi mmoja.

Usiisome 0.48 kana kwamba kikomo ni 1. Alama zikifuata mgawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele), makundi yakiwa nusu kwa nusu, r haivuki takriban 0.80, yakiwa 90% kwa 10%, haivuki 0.58 hivi. Kulinganisha r za maswali mepesi, ambayo karibu wote huyapata, na za maswali ya wastani bila kukumbuka hili ni kuyaonea yale mepesi.

Kama ndiyo/hapana yako ilitokana na kukata kipimo cha namba, mfano "amefaulu" kuanzia 50, rudi kwenye namba zenyewe. Na alama moja ikiwa mbali mno na nyingine, panga data kwa nafasi na utumie jaribio la Mann-Whitney, linalolinganisha nafasi za makundi mawili badala ya alama zenyewe.