Kupiga Picha za Wadudu kwa Karibu: Ninavyofanya Kakamega

Baridi ya usiku huwalegeza wadudu wengi, kwa kuwa joto la miili yao hutegemea jua. Kwa hiyo nikienda msitu wa Kakamega upande wa Isecheno, napenda niwe njiani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakati huo panzi na vunjajungu wangali wametulia kwenye nyasi, umande umewaganda kwenye vipapasio, nawe unaweza kusogeza kamera karibu sana bila mdudu kuruka.

Lenzi ya makro ni ghali, na si lazima uanze nayo. Tafuta lenzi kuukuu ya milimita 50, uigeuze mbele nyuma na kuifunga kwa pete ya kugeuzia. Mdudu atakaribia kutokea kwenye sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kwa ukubwa wake halisi. Hakikisha lenzi ina pete yake ya kufungia tundu linalopitisha mwanga, maana ikishageuzwa kamera haiwezi kuiamuru.

Jambo kubwa kwangu ni mwanga. Kwa ukaribu huo, hata ukifunga tundu hadi f/11 (namba ikikua, tundu huwa dogo zaidi), sehemu inayotokea wazi ni unene wa milimita moja hivi. Ukifunga zaidi, picha nzima huanza kupoteza ukali. Ukifungua, ni jicho la mdudu peke yake linalobaki kali. Basi baki f/8 au f/11, kasi ya shata sekunde 1/200, halafu flashi ijaze giza la msitu. Lakini flashi isiyofunikwa humchoma mbawakawa doa jeupe mgongoni na kuua rangi yake yote. Mimi huweka karatasi nyeupe mbele yake, nikiikunja ifike karibu na ncha ya lenzi. Karatasi ikiwa kubwa na karibu na mdudu, mwanga unakuwa laini, na hata vinyweleo vya miguuni vinaonekana. Afadhali karatasi hiyo kuliko lenzi mpya.

Usizungushe fokasi. Iache palepale, egemeza kiwiko gotini, kisha jongeza mwili mbele polepole mpaka jicho la mdudu liwe kali. Ukitaka mwili wote, mpige ubavuni, kamera ikiwa sambamba naye.

Kabla ya kupiga magoti, angalia siafu! Nawasihi pia msiwaweke wadudu kwenye friji ili watulie. Picha haina thamani hiyo.

Jua likikolea, nenda kwenye tope la njiani. Vipepeo, hasa madume, hukusanyika hapo kunywa chumvichumvi. Jongea kwa chini, kivuli chako kisiwapitie.

Ukiwa Kisumu, kwenye mafunjo ya Dunga, kereng'ende akiruka usimfukuze. Elekeza fokasi kwenye kijiti alichokiacha. Mara nyingi hurudi palepale.