Jinsi ya Kupima Mimea kutoka Msituni hadi Kinamasini

Orodha ya mimea peke yake haielezi mengi. Ukishuka kutoka msitu mkavu hadi topeni utaona miti inapungua, ndago zinaanza, kisha matete, mwisho yungiyungi juu ya maji. Unaweza kuiandika yote kwa majina na bado usijue kwa nini kila mmoja umeota pale ulipo. Sababu kubwa ni maji: yanapanda hadi wapi, na yanakaa kwa muda gani. Ndiyo maana katika upimaji huu kila mmea unaandikwa pamoja na kimo cha ardhi iliyoubeba. Wengi huiruka kazi ya vimo kwa sababu inachosha, kisha wanabaki na data wasiyoweza kuifasiri.

Vifaa

Tepu ya mita 50, kamba isiyovutika, vigingi, dira, futi laini ya fundi cherehani, mpira mwangavu wa mita 10 na fito mbili zenye alama za sentimita, koleo, mabomba ya plastiki ya kipenyo cha sentimita 5, na penseli. Kalamu ya wino iache. Karatasi ikilowa maandishi yanayeyuka. Fremu ya mita 1 kwa 1 iwe na pande tatu tu, upande wa nne uwe kamba ya kufungia. Fremu iliyofungwa pande zote haiingii kwenye matete bila kuyavunja.

Kulaza mstari

Mstari ni kamba inayolazwa kutoka msituni hadi majini, na mimea hupimwa kando yake. Anza angalau mita 50 ndani ya msitu, shuka ukifuata mteremko, na uishie pale maji yanapokaribia kiuno. Mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa kura. Ukichagua kwa macho utavutwa na sehemu nzuri, yenye miti mikubwa na njia rahisi. Laza mistari isiyopungua mitatu, mmoja na mwingine itenganishwe na mita 50 au zaidi.

Tembea upande mmoja tu wa kamba, na vipande vyote vya ardhi utakavyopima mimea ndani yake viwe upande wa pili. Kwenye tope, nyayo za watu wawili zinatosha kulaza ndago na kuufanya uoto uonekane haba kuliko ulivyo.

Vimo vya ardhi kwa mpira wa maji

Njia hii mafundi ujenzi wanaijua vizuri, na kinamasini inafanya kazi kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Jaza mpira kwa kuuvuta maji kutoka kwenye ndoo, ukiacha nafasi kidogo kila ncha. Kisha ukague wote kwa macho kuanzia mwanzo hadi mwisho: kiputo kimoja cha hewa kinapotosha kipimo, na hutakigundua baadaye. Mtu mmoja asimamishe ufito wake kwenye kigingi cha juu, mwingine kwenye kigingi cha chini, kila mmoja akishikilia ncha ya mpira kwenye ufito. Ncha zote zikiwa wazi, maji yakitulia yatakuwa usawa mmoja. Ukisoma sentimita 62 juu na 97 chini, ardhi imeshuka sentimita 35.

Mnapohama, zibeni ncha kwa kidole gumba. Kwenye tope laini ufito huzama na kudanganya, hivyo weka kibao kidogo chini yake. Msituni pima kila mita 5. Kwenye mpaka kati ya msitu na kinamasi pima kila mita 1 au 2, kwa sababu hapo tofauti ya sentimita 10 inaweza kubadilisha uoto wote. Mkimaliza, rudini mkipima hadi kigingi cha kwanza. Jumla ya kushuka na ya kupanda zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 2 au 3, kuna kosa njiani na kazi irudiwe siku hiyohiyo.

Tahadhari moja: mafunjo na baadhi ya matete huunda zulia linaloelea. Vimo vya juu ya zulia havina maana kwa kuwa linapanda na kushuka na maji. Toboa zulia kwa ufito mrefu hadi ufike chini, andika kina cha maji na unene wa zulia.

Miti

Ndani ya msitu tumia kipande cha mita 20 kwa 20. Hakikisha pembe kwa kupima kutoka kona hadi kona: mlalo uwe mita 28.28. Kwenye ukingo wa kinamasi kipande hicho kitameza kanda mbili tofauti, kwa hiyo tumia mita 10 kwa 40, upande mrefu ukienda sambamba na ukingo wa maji. Eneo ni lilelile la mita za mraba 400, mlalo wake ni mita 41.23.

Pima kila mti wenye mzingo wa sentimita 31.4 au zaidi, yaani kipenyo cha sentimita 10. Kimo cha kupimia ni mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko hesabu kutoka upande wa juu. Shina likigawanyika chini ya kimo hicho, kila tawi lipimwe peke yake. Mti wenye mizizi bapa iliyotanuka kama kuta upimwe sentimita 50 juu ya pale kuta zinapoishia, na uandike kimo ulichotumia, vinginevyo atakayerudi miaka mitano baadaye ataona mti uliosinyaa. Mti uliosimama juu ya mstari wa mpaka unahesabiwa kwa pande mbili za kipande tu, zilizochaguliwa kabla ya kuanza.

Eneo la shina, yaani la mkato wake kwenye kimo ulichopima, ni mzingo mara mzingo, gawa kwa 12.57. Mzingo wa sentimita 100 unatoa sentimita za mraba 796, yaani takribani mita za mraba 0.08. Jumla ya kipande ukiizidisha kwa 25 unapata kiasi kwa hektari.

Miche ya miti iandikwe kwenye orodha yake, mbali na miti mikubwa. Hapa makosa ni mengi. Kiangazi mbegu za msituni huota chini kabisa kwenye tope lililokauka, na mtu akizichanganya na miti iliyokomaa atasema spishi hiyo inaishi kinamasini, wakati mafuriko yajayo yataiua miche yote. Kinyume chake pia kipo: mti mkubwa unaokauka ncha za juu huku shina likiwa majini, na usio na mche hata mmoja karibu nao, huenda uliota kabla maji hayajapanda.

Majani, ndago na matete

Tumia fremu ya mita moja, kila mita 5, na kila mita 2 ukingoni. Usihesabu mimea ya matete. Mashina mia yanaweza kuwa mmea mmoja uliounganishwa na mizizi ya chini kwa chini. Kadiria sehemu ya ardhi iliyofunikwa na kila spishi, kwa madaraja ya mtaalamu wa mimea Josias Braun-Blanquet: 1 ni chini ya asilimia 5, 2 ni 5 hadi 25, 3 ni 25 hadi 50, 4 ni 50 hadi 75, 5 ni zaidi ya hapo. Beba kipande cha karatasi ngumu cha sentimita 10 kwa 10. Hicho ni asilimia 1 ya fremu, na jicho linahitaji kukumbushwa kila mara. Watu wawili wakadirie kimyakimya kabla ya kuambiana. Jumla inaweza kuzidi 100 kwa kuwa majani yamepandana, na si kosa.

Ukishindwa kutofautisha nyasi na ndago zisizo na maua, zungusha shina kati ya vidole. Ndago nyingi zina kingo tatu na hazina vifundo. Nyasi huwa na shina la mviringo lenye vifundo. Kata shina la mmea wa majini kwa wembe utaona vyumba vya hewa kama sponji. Kwa njia hiyo hewa hushuka hadi kwenye mizizi iliyo ndani ya tope lisilo na oksijeni.

Udongo na maji

Chimba shimo la sentimita 50 kwenye kila kanda. Udongo unaolowa kwa muda mrefu hugeuka kijivu kwa sababu chuma kilichomo kimepoteza oksijeni na kuyeyuka. Vunja bonge kwa mkono, usilikate, uangalie matundu ya mizizi: mstari wa rangi ya kutu kuzunguka mzizi ulio hai unaonyesha mzizi unavujisha oksijeni kwenye udongo uliolowa. Madoa ya kutu yenye kingo zilizofifia ni ya sasa; yenye kingo kali yanaweza kuwa mabaki ya zama ambazo maji yalikuwa juu. Mchanga mtupu na mboji nyeusi havionyeshi rangi hizi, hata kama vinalowa mwaka mzima.

Kisha simika bomba la mita 1.5 lililotobolewa matundu sehemu yote itakayokuwa ardhini na kufungwa kitambaa. Jaza mchanga pembeni, na sentimita 10 za juu ziba kwa udongo wa mfinyanzi, la sivyo maji ya mvua yatateremka kando ya bomba na kukupa kimo cha uongo. Subiri siku moja kabla ya kusoma. Bomba likitokeza sentimita 40 juu ya ardhi na ukakuta maji sentimita 65 kutoka mdomo wake, maji yako 25 chini ya ardhi. Ukikuta 30, ardhi imefunikwa kwa sentimita 10. Soma kila wiki. Kwa kimo cha juu kabisa usichokishuhudia, simamisha kijiti ndani ya bomba na utie unga wa kizibo kilichosagwa: maji yakishuka, unga hubaki umeganda kwenye kijiti pale yalipofika.

Kuchora

Chora ardhi kwa vimo vyako, ukirefusha vipimo vya wima mara 10 ili mteremko uonekane. Ongeza mstari wa maji ya juu kabisa na wa chini kabisa, kisha weka kila spishi mahali pake. Spishi ambazo mpaka wake unaganda kwenye mstari wa maji katika mistari yote mitatu zinaongozwa na maji. Zile zinazokatika mahali tofauti kila mstari zitafutie sababu nyingine, kuanzia na kivuli: rudi uangalie paa la msitu linaishia wapi, kisha uangalie alama za moto, malisho na ukataji.

Rudia vipande vya fremu msimu wa maji mengi na msimu wa ukavu, kwa vigingi vilevile.