Jinsi ya kupiga tali bila kupotezana: vijiti vinne, cha tano kinalala

Kama umewahi kusimama Uyole, Mbeya, alfajiri na lile baridi, gari linapakia viazi, makuli wanapishana kwenye ubao, huyu anapanda huyu anashuka, basi unajua kuhesabu kichwani ni kujidanganya tu. Umefika sitini na kitu, mtu anapita "ugonile!", unamwitikia, namba imeyeyuka.

Hapo ndo unahitaji tally. Ni neno la Kiingereza, tunalitamka tali (usichanganye na ile tall ya mtu mrefu), maana yake ni kuweka alama moja kwa kila kitu kinachopita mbele yako. Wote tulishafanya hivo shuleni tukichagua kiranja, kura moja kijiti kimoja ubaoni.

Fanya hivi. Gunia likipita mlango wa gari chora kijiti, sio likitoka kwenye lundo, sababu kuna kuli atalitua njiani apumzike afu mwenzake alibebe na we utakuwa ushalihesabu mara mbili. Vijiti vinne vinasimama, cha tano unakilaza juu yao, hilo ni fungu. Mafungu matano kwa mstari, ukimaliza shuka chini, kwaiyo kila mstari uliojaa ni 25. Mwisho unaangalia tu: mistari minne 100, mafungu matatu 15, vijiti vitatu vimebaki, jumla 118. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, ipe safu yake pembeni maana bei yake nyingine. Ukikosea usifute, zungushia duara, karatasi iliyofutwafutwa hakuna atakayeiamini. Na simu weka mfukoni jamani.

Mi hiyo 118 naikumbuka vizuri kwa sababu dereva aliandika 121, na gari lilikuwa limeshafungwa turubai. Tulibishana weee mpaka makuli wakaanza kudai hela yao, mwisho tukagawana hasara na hadi leo sijui nani alikosea. Tangu siku hiyo kila yakitimia magunia 50 nasema simama kwanza, tulinganishe daftari langu na lako, ndo tuendelee.

Na hapa ndo utamu wa neno lenyewe, kwa sababu Mwingereza akisema hesabu zime-tally anamaanisha zimekubaliana, za kwako na za kwangu ni zilezile. Zamani Uingereza deni lilichongwa kwenye kijiti, pengo kubwa kwa hela nyingi, dogo kwa kidogo, afu kijiti kinapasuliwa katikati kwa urefu, anayedai anachukua nusu na anayedaiwa nusu. Siku ya kulipana wanaviunganisha, mapengo yasipokutana mmoja kachakachua. Serikali yao ilitumia vijiti hivyo miaka mamia, na mwaka 1834 walipoamua kuchoma vya zamani moto ukawazidi ukateketeza jengo la Bunge London. Kwaiyo daftari mbili pale kwenye Fuso ni zilezile nusu mbili za kijiti, ukihesabu peke yako umebaki na nusu.

Ah na kingine, beba penseli. Mvua za milima ya Uporoto huku kwetu zikianza karatasi inapata unyevu, peni inagoma kuandika, na ikiandika wino unatambaa vijiti vyote vinakuwa doa moja.