Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupeleka Vijana Kambini Gilwell Park

Gilwell Park ni shamba kubwa lenye jumba la kale, viwanja vya nyasi na miti mirefu, lililo pembezoni mwa msitu wa Epping, karibu na Chingford, kaskazini-mashariki ya London. Lilinunuliwa mwaka 1919 kwa fedha za William de Bois Maclaren, kiongozi wa skauti kutoka Uskoti, aliyetoa pauni 7,000 za ununuzi na nyingine 3,000 za matengenezo ili vijana wa mitaa ya mashariki ya London wapate mahali pa kupiga kambi. Leo lina takriban hekta 44. Kwa kiongozi wa skauti wa Afrika Mashariki jina hili si geni, kwa kuwa mafunzo ya viongozi yajulikanayo kama Wood Badge yalianza hapo Septemba 1919, na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri, alilichukua jina la Gilwell katika cheo chake cha ulodi.

Jambo la kwanza, na linalostahili muda kuliko mengine yote, ni viza za watoto. Raia wa Kenya na Tanzania wanahitaji viza ya mgeni kuingia Uingereza, na maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kusafiri Julai kiwe na pasipoti zote mkononi kabla ya Aprili kuanza. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri bila wazazi anahitaji barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi, inayoeleza anasafiri na nani, atalala wapi na nani atamtunza akiwa huko. Fomu inaruhusu kutaja watu wazima wawili watakaomsindikiza, na viza ya mtoto itafaa tu akisafiri na angalau mmoja wao. Viongozi wengi hujaza jina moja kwa kuona kwamba linatosha. Kiongozi huyo akiugua malaria siku mbili kabla ya ndege kuondoka, watoto wote walioandikwa chini ya jina lake wamekwama, hata kama kikundi kina viongozi wengine watano wenye viza halali. Yajazwe majina mawili kwa kila mtoto, na orodha ya nani ameandikwa na nani ibebwe na kila kiongozi hadi uwanja wa ndege.

Bima ya safari isiachwe kwa ajili ya kupunguza gharama. Huduma ya dharura katika hospitali za umma za Uingereza haimtozi mgeni chochote mlangoni, lakini akilazwa hesabu hubadilika, na mfupa uliovunjika kwa kuanguka ni jambo la kawaida mahali ambapo vijana hupanda kuta.

Malazi yapo ya ndani na ya mahema, na uamuzi ufanywe mapema kwa sababu majira ya likizo za shule nafasi hujaa. Kwa maoni yangu, kikundi kinachotoka mbali kingeanza na usiku mmoja au miwili ndani ya nyumba kabla ya kuhamia kwenye mahema, kwani usiku wa Julai joto linaweza kushuka hadi nyuzi 12, na kijana wa Tanga au Mombasa aliyekuja na shuka na sweta jembamba hatalala. Kila mmoja awe na mfuko mzito wa kulalia, godoro jembamba la kumtenga na ardhi, koti la mvua lisilopenyeza maji na viatu jozi mbili, maana jozi ya kwanza italowa. Chaja za simu za nyumbani zitafaa bila kigeuzi, kwa sababu soketi za kule ni zilezile za pini tatu bapa.

Kuna jambo ambalo orodha za vifaa hazilitaji: mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Vijana waliozoea giza la saa moja hawatakubali kwamba muda wa kulala umefika huku nje kukiwa kweupe, na kwa Waislamu sala ya Magharibi huja baada ya saa tatu, Isha ikifuata usiku sana. Ratiba ipangwe kwa kulijua hilo: mlo wa jioni utangulie, shughuli za utulivu zifuate, na kila kijana awe na kitambaa cha kufunika macho.

Kuhusu chakula, nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi zetu haziruhusiwi kuingizwa Uingereza, hata kwa matumizi ya mtu binafsi, hivyo nyama iliyokaushwa na samli vibaki nyumbani. Mahitaji ya halali yatajwe kwa maandishi wakati wa kuweka nafasi.

Kwa michezo kama kupanda ukuta na kulenga shabaha kwa upinde, kambi iulizwe mapema inatoa wakufunzi au inategemea kikundi kije na wake, na wazazi watie saini wakiwa wamesomewa majina ya michezo hiyo. Baada ya matembezi msituni, miguu, makwapa na nyuma ya magoti vikaguliwe, kwani kupe wa huko wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kupe hung'olewa kwa kibano chembamba, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu bila kukamuliwa.

Wazazi waelezwe kwamba wakati wa kiangazi saa za Uingereza ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, na wapewe namba moja ya kiongozi mmoja na muda maalumu wa kupiga simu, vinginevyo kiongozi huyo atashinda akijibu simu badala ya kuwaangalia watoto walio mbele yake.