Kabla hujaendelea kumeza dawa za vidonda vya tumbo, pima kama maziwa ndiyo yanayokusumbua

Kwenye kliniki ya lishe napokea watu waliojitibu vidonda vya tumbo miezi mingi bila nafuu. Nikiwauliza asubuhi wanaanza na nini, wengi wanajibu: chai ya maziwa, kikombe kikubwa. Sisemi wote wanasumbuliwa na maziwa. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyewaambia wapime, na kipimo hiki unakifanya jikoni kwako.

Maziwa yana sukari yake, laktosi. Utumbo mwembamba huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kwa watu wazima wengi hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa hushukia utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na mara nyingi ndani ya nusu saa hadi saa mbili tumbo linajaa gesi, linaunguruma, linasokota au unaharisha. Asili yako ina nafasi hapa. Mwaka 2007 mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kuwa jamii nyingi za wafugaji wa Tanzania na Kenya zina mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kumeng'enya maziwa hata ukubwani. Kwa hiyo usijilinganishe na jirani.

Hatua ya 1: Dalili za hatari. Damu kwenye choo, kupungua uzito, homa, au tumbo linalokuamsha usiku: nenda hospitali kwanza. Ukinywa maziwa midomo ikavimba, ukatoka vipele au pumzi ikabana, huo ni mzio. Usijaribu kipimo hiki kabisa. Mtoto mdogo naye ni wa daktari. Pima na choo, maana vijidudu kama giadia huumiza utumbo, na maziwa yakakukataa kwa muda tu.

Hatua ya 2: Daftari, siku 7. Kula kama kawaida. Andika saa, chakula, kiasi, na tumbo lilivyokuwa.

Hatua ya 3: Acha maziwa wiki 2. Maziwa peke yake. Wengi huharibu hapa: wanaacha maziwa, ngano na maharage kwa mkupuo, wakipata nafuu hawajui ni kipi kilichokuwa kinawasumbua. Soma pakiti za biskuti, chokoleti na unga wa uji, kwani maziwa ya unga hujificha humo. Tui la nazi halina laktosi, kwa hiyo wali wa nazi kula.

Hatua ya 4: Rudisha kwa kipimo. Hatua hii usiiruke hata kama umeshapona, maana bila hiyo utabaki unakisia. Asubuhi kunywa robo kikombe cha maziwa matupu, bila chai wala kitafunwa. Kuchemsha hakuondoi laktosi, kwa hiyo chemsha kama kawaida. Andika saa, subiri siku 2. Kisha nusu kikombe, subiri tena. Mwisho kikombe kizima cha mililita 250, chenye laktosi kama gramu 12. Pale tumbo linapoanza kulalamika ndipo mpaka wako. Lisipolalamika popote, maziwa hayana kosa: yarudie, na daftari umpelekee daktari.

Hatua ya 5: Ishi na mpaka wako. Wachache sana wanahitaji kuacha kabisa. Wengi wanastahimili kikombe kimoja wakinywa pamoja na chakula. Jaribu mtindi, kwa sababu bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi. Samli karibu haina kitu. Kalsiamu itafute kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na sukuma wiki.

Kinachowashinda wagonjwa wangu wengi ni ugenini. Mwenyeji ameshamimina chai ya maziwa, kukataa unaona aibu, unakunywa, na njia nzima ya kurudi unateseka kwenye daladala. Wahi mapema, maji yakiwa bado jikoni: "Mama, mimi naomba ya rangi, maziwa hayapatani na tumbo langu." Hajawahi kunikasirikia mwenyeji hata mmoja. Mara nyingi anajibu, "Hata mimi," na chai ya rangi inaandaliwa ya watu wawili.