Jumuiya ikiwa zamu yenu, jirani apate taarifa kwa watoto

Wapendwa, ibada ya nyumba kwa nyumba ikifika zamu ya kwenu msialike waumini tu, watumeni watoto wapite kwa majirani siku moja kabla, "shikamoo mama, kesho jioni tunasali kwetu, karibuni", maana mtoto akibisha hodi hakuna anayehisi anahubiriwa. Asipokuja msimnunie jamani, mpelekeeni chai na maandazi yake hukohuko. Na kama ni Muislamu mkapika nyama hakikisheni ni halali na mwambieni kabisa, asile kwa wasiwasi. Akiuguliwa nendeni wote na watoto, mkae naye kwanza, halafu baba aulize kwa upole kama mnaweza kumuombea, akikubali someni Zaburi ya 121, fupi na inatia moyo sana.